USBasp leo inakubali kesho inakataa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu programa za maikrokontrola

Wadau, hapa nimekusanya maswali ninayoulizwa karibu kila wiki kuhusu programa, yaani kile kidude cha USB kinachoingiza kodi kwenye maikrokontrola. Nimekaa zaidi kwenye USBasp (programa) na ATmega328P (maikrokontrola, ile ya kwenye Arduino Uno) kwa sababu ndo vitu vilivyojaa mikononi mwa wanafunzi na mafundi wetu, bei inafikika, na ndo vinavyokesha na watu usiku. Mwishoni nimegusa kidogo ESP32 na PIC, ambazo ni maikrokontrola nyingine, na ST-Link, programa ya chipu za STM32. Kabla hujatoa hela kununua programa ya pili naomba soma kwanza, maana nyingi ninazoletewa kwamba ni mbovu ni nzima kabisa, kilichokufa ni waya au kasi haijapatana na chipu.

Kaka, jana iliflashi vizuri tu, leo inasema "target doesn't answer". Ndo imekufa?

Hapana, tulia. Soma kwanza ujumbe wenyewe, usisome tu kwamba kuna maandishi mekundu. Kuna safari mbili hapa, ya kwanza kutoka laptopu mpaka programa, ya pili kutoka programa mpaka chipu, na avrdude, yaani programu ya kwenye laptopu inayoiendesha programa, huwa inakwambia safari ipi imekwama. Ukiona "could not find USB device with vid=0x16c0 pid=0x5dc" basi laptopu haijaiona programa, hapo shughulika na kebo, poti na draiva. Ukiona "target doesn't answer" au "initialization failed, rc=-1" maana yake laptopu na programa wameshasalimiana vizuri, ila chipu huko mbele haiitiki.

Nasisitiza hili kwa sababu nimeshaona mtu kafuta na kuweka draiva mara 6 usiku mzima, kabadilisha mpaka laptopu, kumbe ujumbe ulikuwa unamwambia tangu mwanzo kwamba draiva iko sawa. Kama huamini chomoa chipu kabisa, acha programa peke yake kwenye USB alafu tuma amri ileile. Ikijibu "target doesn't answer" bila chipu, ujue upande wa laptopu ni mzima na unaweza kuusahau kwa leo.

Nimenunua ATmega328P mpya za kwenye soketi, zote 5 zinakataa, ila ile niliyoichomoa kwenye Arduino Uno inakubali. Nimeuziwa feki?

Inawezekana ni feki ila mimi dau langu liko kwenye kasi, na hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote kwa sababu jibu lake linaokoa chipu nyingi zinazotupwa.

Chipu ya ATmega328P ikitoka kiwandani inatumia kloki yake ya ndani ya 8 MHz, lakini kuna fyuzi biti, yaani mpangilio unaohifadhiwa ndani ya chipu, inaitwa CKDIV8 ambayo imewashwa, inagawa kwa 8, kwa hiyo chipu inatembea kwa 1 MHz tu. Asa kanuni ya datasheet inasema kasi ya SCK, yaani ule waya unaopiga hatua wakati wa kuflashi, lazima iwe chini ya robo ya kloki ya chipu. Robo ya 1 MHz ni 250 kHz. USBasp yenyewe ukiiacha bila kuiambia kitu inapiga 375 kHz. Umeona tatizo? Programa inaongea haraka kuliko chipu inavyoweza kusikia, chipu inashindwa kujibu, wewe unaambiwa "target doesn't answer". Ile ya kwenye Uno imeshawekewa fyuzi za kristali ya 16 MHz ndo maana inakubali bila shida.

Dawa yake ni kupunguza mwendo kwa -B:

avrdude -c usbasp -p m328p -B 10

Namba 10 ni maikrosekunde, na USBasp itashuka mpaka 93.75 kHz. Ikikubali utaona signature, yaani namba ya utambulisho wa chipu, 0x1e950f, hapo hata moyo unatulia. Ukishaweka fyuzi za kristali ya 16 MHz na kristali yenyewe iko kwenye pini, unaweza kuondoa -B na mambo yakaenda haraka kama kawaida.

Nimeweka -B 10 lakini inaniletea "warning: cannot set sck period. please check for usbasp firmware update". Nifanyeje?

Onyo hilo peke yake halizuii kuflashi, wengi wanaliona kila siku na kazi inaendelea. Ila linakwambia kitu cha maana: programu iliyomo ndani ya USBasp yako ni ya zamani, haielewi -B, kwa hiyo bado inapiga 375 kHz hata ukiandika -B 1000. Hapo una njia mbili.

Ya kwanza ni jampa ya JP3. Angalia kwenye bodi, clone nyingi, yaani nakala za USBasp, zimeacha matundu mawili tu yameandikwa JP3 bila pini. Lehemu pini mbili hapo au hata kipande cha waya, ukiyaunganisha programa inashuka mpaka 8 kHz. Itaenda polepole sana, kuflashi faili kubwa utangoja, lakini itakubali.

Ya pili ni kuiwekea USBasp programu mpya. Ndani ya USBasp kuna ATmega8 na kristali ya 12 MHz, ni maikrokontrola kama nyingine, mradi wenyewe ni wa Thomas Fischl na uko wazi kila mtu anaweza kushusha faili la hex. Unahitaji programa ya pili au Arduino ya kuigeuza programa kwa dakika 10, unafunga jampa ya JP2 kwenye ile USBasp inayofanyiwa matibabu, unaflashi, unaondoa JP2. Hakikisha umechukua hex ya chipu sahihi, soma maandishi yaliyoko juu ya chipu kwa tochi ya simu kabla hujafanya chochote, kwa sababu kuna clone zimewekewa ATmega88 badala ya ATmega8.

Inakubali nikishika kebo hivi, nikiachia inakataa. Hii ni nini?

Hiyo ni ribboni, na wala usiendelee kuishikilia kwa kidole kwa sababu siku ukiachia katikati ya kuandika fyuzi utalia.

Ngoja nieleze moja niliyokutana nayo maana ilinifundisha. Kuna programa tulikuwa tunaitumia kufundishia vijana, ikawa na tabia, asubuhi inakubali, mchana inakataa, ukibonyeza kile kichwa cheusi cha pini 10 kwa kidole gumba inakubali tena. Tulishabadilisha chipu, bredibodi, laptopu. Mwisho nikachukua multimita nikaiweka kwenye mlio, ncha moja kwenye pini 9 upande huu, nyingine pini 9 upande wa pili, hiyo ndo MISO. Ikalia. Nikaikunja kebo kidogo karibu na kichwa, mlio ukakatika. Nikainyoosha, ukarudi. Nikafungua kile kifuniko cha kichwa kwa bisibisi ndogo nikaangalia kwa lenzi, kumbe lile jino la chuma halikuuma shaba katikati, lilikuwa limechana plastiki pembeni na kugusa uzi mmoja tu wa shaba. Uzi mmoja! Waya mwingine wote ni mzima, ila huo mmoja ndo chipu inaotumia kujibu.

Kwa hiyo fanya hivi, pima waya zote 6 unazozihitaji, moja moja, na wakati unapima kunja kebo pale inapoingia kwenye kichwa. Usipime ikiwa imelala tuli mezani kwa sababu hapo itakudanganya. Ikikutwa na kosa kata sentimita mbili, bana kichwa upya kwa jiriwa au koleo pana, ibane sawasawa pande zote. Na kebo iwe fupi, sentimita 15 hadi 20 zinatosha, mambo ya kuunganisha waya za jampa tatu tatu mpaka zifike mita ndo yanaleta vituko ambavyo hutavielewa.

Nimeunganisha kwenye bredibodi kama picha inavyoonyesha lakini wapi. Nikague nini?

Kwanza waya zenyewe. Kwenye kichwa cha pini 10 cha USBasp, pini 1 ni MOSI (waya unaopeleka data kwenye chipu), 2 ni VCC, 5 ni RESET, 7 ni SCK, 9 ni MISO, na GND chukua pini 10. Nasema pini 10 kwa makusudi kwa sababu michoro mingine inaonyesha pini 4 na 6 nazo ni GND, wakati kwenye mchoro wa asili wa USBasp hizo ni TXD na RXD, ukichukua GND hapo unajitafutia shida ya bure. Kwenye ATmega328P ya miguu 28, RESET ni mguu wa 1, MOSI wa 17, MISO wa 18, SCK wa 19. MOSI inaenda kwa MOSI na MISO kwa MISO, usivuke kama unavyovusha TX na RX, wengi wanakosea hapa.

Umeme sasa. VCC ni mguu wa 7 na GND wa 8, lakini kuna AVCC mguu wa 20 na GND nyingine mguu wa 22, na hiyo miguu miwili watu wanaiacha hewani. Unganisha yote. Weka kepasita ya 100 nF kati ya VCC na GND karibu kabisa na chipu, siyo mwisho wa bredibodi, na rezista ya 10k kutoka RESET kwenda VCC.

Alafu pima volti kwenye mguu wenyewe wa chipu, siyo kwenye reli. Weka ncha ya multimita juu ya mguu wa 7 na nyingine mguu wa 8. Nimewahi kukuta reli ina 4.98 V na mguu una 3 na kitu, bredibodi imelegea yale mashavu ya ndani. Kwa jicho hakuna unachokiona, waya umeingia vizuri kabisa.

Signature inakuja 0x000000, mara nyingine 0xffffff. Zina tofauti?

Zote mbili maana yake programa haikusikia jibu la kweli, waya wa MISO umekaa chini muda wote au umekaa juu muda wote. Kagua MISO, kagua umeme wa chipu, kagua RESET inashuka kweli.

Ikiwa inakuja namba tofauti kila ukijaribu, leo 0x1e950f kesho 0x1e850f keshokutwa 0x0f, hiyo ni habari njema! Chipu iko hai na inajibu, ila kuna kelele kwenye njia. Punguza kasi, fupisha kebo, rudia GND.

Inaniambia signature ni 0x1e9514 wakati nimesema m328p. Niweke -F?

Usiweke -F. Hiyo 1e9514 ni ATmega328 isiyo na P, ni chipu halali kabisa, mwambie avrdude -p m328 basi. Na 1e9516 ni ATmega328PB. Ile -F inaiambia avrdude ifumbe macho, na ukifumba macho wakati waya wako ni mbovu unaweza kuandika fyuzi za ajabu kwenye chipu nzima. Mimi -F sijaona sababu ya mtu anayejifunza kuigusa.

Mkuu nimebadilisha fyuzi nikakosea, sasa chipu haisomi kabisa. Nitupe?

Usitupe, weka kwenye kikopo andika "fyuzi". Kuna aina nne za makosa na tatu zinatibika kirahisi.

Ulichagua kristali ya nje lakini bredibodi haina kristali: chipu imezimia kwa sababu haina kloki. Weka kristali ya 16 MHz kati ya mguu wa 9 na 10, na kepasita mbili za 22 pF kwenda GND, itaamka. Ulichagua kloki ya nje, ambayo siyo kristali: hapo inataka ipigiwe kloki kwenye mguu wa 9, unaweza kuchukua Arduino nyingine ukaiambia itoe mawimbi ya 4 au 8 MHz kwenye pini moja, ukayapeleka mguu wa 9, GND ziungane, alafu ukaflashi fyuzi kurudi. Ulichagua kloki ya ndani ya 128 kHz: chipu inasikia ila polepole mno, na kama CKDIV8 bado ipo inatembea 16 kHz, kwa hiyo SCK lazima iwe chini ya 4 kHz, jaribu -B 500 inayoshusha mpaka 2 kHz na uwe mvumilivu.

Ile ya nne ni RSTDISBL, umegeuza mguu wa RESET kuwa pini ya kawaida. USBasp haiwezi tena kuifikia, inatakiwa programa ya volti ya juu inayopeleka 12 V kwenye RESET. Ipo michoro ya kuitengeneza kwa Arduino na transista, lakini 12 V ikigusa waya mwingine ni kifo, kwa hiyo kwa chipu moja mimi ningeiacha kwenye kikopo kwanza.

Kwa rekodi zako, fyuzi za kiwandani za ATmega328P ni low 0x62, high 0xD9, extended 0xFF, na za Uno ni low 0xFF, high 0xDE, extended 0xFD. Ziandike ukutani. Na kabla ya kuandika fyuzi yoyote soma kwanza iliyopo mara tatu, ikija namba ileile mara zote tatu ndo uandike. Kama kuna moja imekuja tofauti, acha, rudi kwenye waya.

Windows haiioni USBasp kabisa. Taa inawaka lakini hakuna kitu.

Taa kuwaka ni umeme tu, haina maana kwamba data inapita. Anza na poti nyingine ya USB na uiondoe kwenye habu, USBasp inatengeneza USB kwa programu tupu bila chipu maalumu ya USB, kwa hiyo habu nyingine na poti nyingine za USB 3 zinaisumbua. Ukiwa na habu ya USB 2 ya zamani, kuna wakati inafanya kazi kuliko poti yenyewe ya laptopu, jaribu pande zote.

Baada ya hapo fungua Device Manager. Ikiwa iko pale na alama ya njano, shusha Zadig, chagua USBasp, weka libusbK au libusb-win32, maliza. Hakikisha umechagua USBasp na siyo kipanya chako, soma VID 16C0 na PID 05DC (namba za utambulisho wa kifaa cha USB) kabla ya kubonyeza.

Ikiwa haina alama ya njano na inaonekana kama kifaa cha HID (kundi la kibodi na vipanya), angalia namba zake. Ukikuta 03EB na C8B4 basi umeuziwa kitu kinachofanana na USBasp kwa sura lakini ndani kina programu nyingine, avrdude haitaijua hata ufanye nini na Zadig haitakusaidia. Chuma ni kilekile hata hivyo, iwekee programu ya USBasp kama nilivyoeleza pale juu na itakuwa USBasp ya kweli. Nimeona watu wengi wanazitupa hizi na inaniuma.

Na Linux?

Ikikubali na sudo na kukataa bila sudo ni ruhusa tu, weka sheria ya udev (mfumo wa Linux unaosimamia vifaa) ya 16c0:05dc, chomoa chomeka. Kwa bodi zenye CH340 (chipu ya USB) jiingize kwenye kundi la dialout alafu toka uingie tena. Na ukiwa na Ubuntu 22.04 na CH340 inaonekana sekunde moja inapotea, mhusika ni brltty, programu ya vifaa vya Braille, inadhani CH340 yako ni kifaa chake. Ukiiondoa poti inarudi, lakini kama kompyuta hiyo inatumiwa pia na mtu asiyeona basi usiiondoe, zima sheria ya hiyo namba moja tu.

Sina USBasp, natumia Arduino Uno kama ISP (yaani programa). Inaniletea "not in sync".

Hii nimeijibu mara nyingi mno. Kila laptopu inapofungua poti, Uno inajirestati yenyewe, kwa hiyo badala ya ile programu ya ISP kujibu, anajibu bootloader, ile programu ndogo inayoanza kwanza chipu ikirestati. Weka kepasita ya 10 µF kati ya RESET na GND ya ile Uno inayofanya kazi ya programa, mguu wa hasi kwenye GND. LAKINI iweke baada ya kuipandishia ile sketch ya ArduinoISP, ukiiweka kabla hutaweza kuipandisha. Pini 10 inaenda RESET ya chipu, 11 MOSI, 12 MISO, 13 SCK. Ukitumia avrdude kwa mkono kumbuka -b 19200.

Inaandika mpaka 100% alafu "verification error, first mismatch at byte 0x0000".

Angalia ilichosoma. Ikiwa imesoma 0xff ina maana haikuandikwa kitu, mara nyingi umeme unazama wakati wa kuandika, hasa kama chipu iko kwenye bodi yenye mota au relei zinazovuta kutoka kwenye USB hiyohiyo. Chomoa mizigo yote, jaribu tena. Ikiwa imekosea katikati tu, kwa mfano baiti moja baada ya elfu kadhaa, punguza kasi. Na ikiwa ni mahali palepale kila mara hata ubadilishe programa na kebo, hapo ndo ushuku chipu yenyewe, flash yake imehakikishiwa kuandikwa mara 10,000, na chipu ya kufundishia inaweza kufika.

Bodi yangu ina SD kadi na redio ya nRF24L01. Chipu ikiwa peke yake inakubali, ndani ya bodi inakataa.

Kwa sababu hao wote wanatumia waya zilezile za MOSI, MISO na SCK. Wakati chipu imeshikiliwa kwenye reset pini zake zote zinaelea, ikiwemo ile ya kuchagua SD kadi, basi SD kadi nayo inadhani imeitwa inaanza kujibu juu ya MISO. Weka rezista ya 10k kutoka CS (pini ya kukichagua) ya kila kifaa kwenda VCC ili kikae kimya, na ukichora bodi nyingine acha nafasi ya hizo rezista tangu mwanzo.

Na hapohapo jambo la volti. Clone nyingi zina jampa ya 3.3 V na 5 V, lakini inabadilisha VCC tu, waya za data zinabaki 5 V. Redio ya 3.3 V iliyoko kwenye njia hiyo inapigwa 5 V wakati wewe unajua umeiweka salama. Pima mwenyewe. Ndugu yake ni ile CH341A nyeusi ya kuflashi BIOS, kwenye bodi nyingi chipu inalishwa 3.3 V lakini data ni 5 V.

Bodi yenye FTDI au PL2303 ilikuwa inafanya kazi, baada ya Windows kujisasisha ikagoma.

Chipu ya USB huenda siyo ya kweli. Mwaka 2014 draiva ya FTDI ilikuwa inabadilisha PID ya chipu feki kuwa 0000, na Prolific nao draiva yao mpya inaandika kwamba PL2303HXA imekoma tangu 2012. Kwa PL2303 rudisha draiva ya zamani, na siku za mbele tafuta CH340 au CP2102.

ESP32, ST-Link na PIC je?

ESP32 ikisema "wrong boot mode detected" au inangoja mpaka inachoka, shikilia kitufe cha BOOT pale inapoandika Connecting, achia ikianza. Ukichoka kushikilia weka 10 µF kati ya EN na GND. Shusha kasi kutoka 921600 mpaka 115200, na badilisha kebo kabla ya yote, kebo za kuchajia tu ziko nyingi sana kila duka, Kariakoo hata Luthuli Avenue pale Nairobi.

ST-Link V2 za clone, mpangilio wa pini 10 unatofautiana kati ya moja na nyingine, soma maandishi yaliyoko kwenye ganda lako na siyo picha ya mtu. Blue Pill, bodi ya STM32F103, ikikataa baada ya kodi yako kuzima pini za SWD (ndizo ST-Link inazotumia), sogeza BOOT0 kwenye 1, bonyeza reset, futa, rudisha. OpenOCD, programu inayoiendesha ST-Link, ikilalamika idcode 0x2ba01477 badala ya 0x1ba01477, hiyo STM32F103 yako ni ya kiwanda kingine, mwambie OpenOCD namba hiyo na endelea.

PIC na programa yake PICkit 3, kosa ninalokutana nalo zaidi ni kepasita kubwa kwenye MCLR (pini yake ya reset). Iondoe, bakiza rezista ya 10k tu kwenda VDD.

Basi nitajuaje kwamba programa yenyewe ndo mbovu kweli?

Uwe na chipu moja ya shahidi. Chukua ATmega328P unayoijua ni nzima, ilehemu kwenye kipande cha bodi na kichwa cha pini 6, kristali, 100 nF na 10k, siyo bredibodi, na usiitumie kwa kazi nyingine yoyote. Programa ikisumbua, chomeka kwenye shahidi na kebo mpya fupi na -B 10, soma signature mara 20 mfululizo. Zikija zote 20 sawa, programa ni nzima, rudi kwenye bodi yako. Zikikosea, fungua programa uangalie soketi ya USB kwa lenzi, gusa miguu yake minne, mara nyingi mmoja umeachia lehemu kwa sababu ya kuchomoa na kuchomeka. Irudishie risasi, jaribu tena mara 20. Ikikataa hata hapo na umeshaiwekea programu mpya, sawa, hiyo ni mbovu, nunua nyingine. Ile ya zamani usiitupe, ichomoe kristali ya 12 MHz na soketi utazihitaji.